Kibuyu cha Wageni na Skrini ya Furaha

Bado naikumbuka asubuhi moja ya ujana wangu, kule milimani Kivu ya Kusini, bibi yangu aliponishika sikio mbele ya watu wote akaniuliza: "Hayo unayoyasema, umeyaona kwa macho au umeyaokota njiani?"

Nilikuwa nimeyaokota njiani, mwanangu. Maziwa yalikuwa yakiharibika nyumbani kwake, si kila siku, ila kila alipotutembelea mama mmoja jirani, mjane mpole asiye na makuu. Watu wakaanza kunong'ona kwamba ana jicho baya, nami nikaileta minong'ono hiyo hadi jikoni kama mtu aletaye kuni.

Bibi hakubishana na mtu. Alimwalika yule mjane, akampa maziwa ya kibuyu chetu cha kila siku. Hayakuwa na neno. Akamwalika tena, safari hii akateremsha kibuyu cha wageni, kile kizuri chenye kifuniko cha kusukwa. Maziwa yakaharibika. Ndipo bibi akakinusa kifuniko. Kibuyu tulikuwa tukikifukiza moshi vizuri kama desturi yetu, lakini kifuniko tulikisahau, kikaota kuvu kwa ndani.

"Mmeona?" akasema. "Mgeni hakuja na kitu. Ni sisi tuliotoa kitu kwa ajili yake. Ukitafuta penye ubovu, badilisha kitu kimoja, ngoja, uangalie. Na mtu usimlaumu kabla hujamaliza kuvipima vitu."

Maneno hayo nilipita nayo vitani na kambini. Nikafika nayo Louisville, ambako Mungu alitupa makao yetu ya kwanza katika nchi hii ya Marekani. Nilidhani nimekwisha kuyatumia yote. Kumbe yalikuwa yakiningoja Buffalo.

Mwanangu Innocent na mkewe Furaha walitangulia kuhamia huko, nyumba yao haiko mbali na Grant Street. Mwanzoni mwa baridi hii wakaniita nikae nao, nami nikashukuru, maana uzee wa peke yake ni mrefu. Innocent anafanya kazi kiwandani. Furaha anafanyia kazi sebuleni: anapanga magari yanayowapeleka wagonjwa hospitali. Wazee wetu wasiojua Kiingereza wanampigia simu, yeye anatazama ramani ya magari kwenye kompyuta na kumwelekeza dereva hadi mlangoni. Kioo cha kompyuta yake kilivunjika siku walipohama kutoka Louisville, kwa hiyo aliiunganisha kwa waya na skrini kubwa. Hiyo ndiyo iliyokuwa jicho lake la pekee.

Basi nilipofika, jicho hilo likaanza kufumba. Furaha yuko katikati ya kazi, ghafla skrini inakuwa nyeusi tii. Baada ya pumzi chache inarudi. Leo asubuhi, kesho mchana, siku nyingine isizimike kabisa. Mara moja ilizimika akiwa anamwelekeza dereva huko Kenmore, gari likaenda mlango usio wake, na mama mzee akasimama kwenye theluji mpaka miguu ikafa ganzi. Bosi wa Furaha akapiga simu. Alisema kwa upole, lakini maneno yalikuwa makali: likitokea tena, kiti chake atapewa mwingine. Innocent peke yake asingeweza kulipa nyumba ile na kulisha watoto. Sote tulilijua hilo bila kuambiana.

Tukampigia Bahati, mtoto wa mdogo wangu, anayekaa Linden kule Columbus. Anazijua kompyuta kidogo kuliko anavyosema, lakini zaidi kuliko sisi sote.

"Bon, baba mukubwa," akasema, "mubadilishe byote mara moya! Waya, tundu ya waya, na ile mipangilio ya kulalisha skrini. Byote!"

Wakabadilisha vyote. Skrini ikatulia, Furaha akaimba akipika sombe, majani yetu ya muhogo. Siku zile mimi nilikuwa kitandani na mafua. Nilipopata nguvu nikatoka chumbani kumsalimu mkwe wangu, na skrini ikawa nyeusi mbele ya macho yangu. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, nami naongeza kwamba anayepiga ovyo hajui hata ni pigo lipi lililomgusa.

Hapo ndipo Mama Zawadi alipofungua kinywa. Ni mwenzetu wa kanisani, mwombaji hodari, na ulimi wake hauna breki. Alikuja kuomba pamoja nasi, na baada ya amina akasema akitazama sakafu: "Mie nasema tu yenye naona. Mbele ya muzee kufika, skrini ilikuwa muzima. Kuna kitu kilikuja na yeye."

Furaha akaona haya hata akafunika uso kwa kitenge. Innocent akainuka kwa hasira. Mimi nikacheka, mwanangu. Nilimwona yule mjane wa milimani, na sikio langu likawasha palepale bibi alipolishika.

"Mama Zawadi hajakosa yote," nikasema. "Hata mimi nimeona kwamba inazimika nikiwepo. Basi tupime. Nitakwenda Linden kwa Bahati. Hapa msibadilishe kitu chochote, hata kijiko."

"Papa," Innocent akasema, "watu watasema tumekufukuza."

"Waache waseme. Mimi nitakuwa ninakula ugali."

Nikapanda basi hadi Columbus. Nikakaa kwa Bahati juma zima, na kila jioni Furaha alipiga simu. Haikuzimika. Kila jioni alilisema hilo kwa sauti ya chini zaidi, kama mtu anayetoa habari za msiba. Bahati naye hakunihurumia hata kidogo. "Baba mukubwa, donc weye ni jenereta! Tukuunganishe na nyumba, tusilipe umeme."

Tulicheka, lakini baada ya sala nikajiuliza. Mungu ninayemtumikia tangu ujana hakunipa kazi ya kuzima skrini, hilo nilikuwa na hakika nalo. Basi bibi angeuliza nini? Angeuliza: nikiingia mimi, nyumba ile inateremsha kibuyu gani? Ninapoingia sebuleni, kunatokea nini kisichotokea akiingia mwingine?

Jibu likaja taratibu kama mgeni mwenye adabu. Nikiingia, Furaha anasimama.

Kwetu, mke wa mwanao hawezi kukusalimu akiwa ameketi. Mumewe akipita hasimami, wala watoto wakipita, wala Mama Zawadi, kwa maana ni rika lake. Anasimama kwa ajili yangu tu. Hata katikati ya simu, vifaa vya kusikilizia vikiwa masikioni, huinuka kwenye kiti, akainamisha kichwa, kisha akaketi. Akiinuka kwenda zake, huipa skrini kisogo, nayo ikizimika hurudi kabla hajageuka.

Nikarudi Buffalo, na Bahati akaja nami, maana hakutaka kusimuliwa. Tulingoja Furaha amalize zamu yake ili tusimharibie mtu safari. Mama Zawadi pia alikuwepo. Nikasimama mlangoni, nikasema: "Furaha, naingia. Usisimame."

"Papa! Mie siwezi kuikala na weye umesimama."

"Leo ninakuagiza. Kuketi kwako ndiko kunitii."

Nikaingia. Akashika meza kwa mikono yote miwili kama mtu aliye kwenye mtumbwi, machozi yakimlenga. Skrini ikabaki inawaka. Nikatoka, nikafunga mlango, nikamwambia kwa sauti: "Sasa simama!" Nikasikia Bahati akipiga kelele. Imezimika, na mimi sipo.

"Mama Zawadi," nikaita, "njoo uketi wewe kwenye kiti hicho."

Akaketi kwa tahadhari. Nikamwambia asimame. Aliposimama, skrini ikawa nyeusi. "Yesu wangu!" akaruka pembeni.

"Pole, mama," nikasema. "Kumbe na wewe kuna kitu ulikuja nacho?"

Alicheka mpaka akahitaji kukaa chini, lakini kwenye kiti kile hakurudi. Kisha akanishika mikono na kuniomba radhi, na mimi nilikuwa nimekwisha kumsamehe tangu Linden.

Bahati akakipindua kiti. Kilikuwa kiti cha ofisi chenye magurudumu, cha kupanda na kushuka kwa nguvu ya hewa. Akatueleza kwa maneno mepesi. Baridi hii hewa ya ndani ni kavu, ndiyo maana ukitembea kwenye zulia kisha ukagusa kitasa, cheche inakuchoma kidole. Mtu akiinuka kwenye kiti cha namna ile, mshtuko mdogo kama huo huruka, waya wa skrini ukaudaka, na skrini ikapoteza picha kwa kitambo. Tukaleta kiti cha mbao kutoka jikoni. Kwa siku kadhaa hatukubadilisha kitu kingine. Skrini haikufumba tena, na bosi wa Furaha hakupiga simu ila kumwongezea zamu.

Sasa sikiliza, mwanangu, wewe unayesoma ukiwa Louisville au Columbus au popote Bwana alipokupa makao. Kitu kikiharibika, usikivamie. Badilisha kimoja, ngoja, angalia, kisha ndipo uguse cha pili, ukianza na kilicho rahisi. Ukivigusa vyote kwa pamoja, hata ukipona hutajua dawa iliyokuponya. Usimtwike Shetani kazi ya kiti, wala usimtwike mtu kazi ya Shetani. Kuomba na kupima ni ndugu, na Mungu aliyetupa magoti ndiye aliyetupa macho. Ukiona ubaya unafuatana na mtu, usiishie kumtazama yeye. Tazama nyumba inafanya nini anapoingia. Wazee walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Nyumba ile nusura imfukuze mgeni aliyekuwa dawa yake. Wala usidhani heshima ndiyo iliyokosa. Heshima si utumwa, na Furaha hakukosea kusimama. Aliinukia mahali pabaya tu.

Juzi nilitoka chumbani asubuhi. Furaha alikuwa akimwelekeza dereva kwa mzee mmoja mgonjwa wa figo. Nikamwashiria kwa mkono: kaa, mwanangu, heshima nimeiona. Akasogeza kidogo kile kifaa cha masikioni.

"Papa, niache nisimame. Kiti kimenipa ruhusa."

Akasimama, akainamisha kichwa. Nyuma yake magari yaliendelea kutembea kwenye ramani, na moja lilikuwa limefika mlangoni.

Bwana ayatie nuru macho yako, mwanangu, yasifumbe wakati watu wanakutegemea. Akupe subira ya kupima na ulimi mzito wa kulaumu. Na siku utakapokuwa mgeni katika nyumba ya mwanao, akupe wa kukuinukia, na kiti kisicho na cheche. Amina.