Mbuzi wa Ntheo

Nzembi aliitwa Mama Profesa kabla mumewe hajawa profesa. Ni Khavere, jirani yake wa mlango wa pili pale Kaloleni, aliyembandika jina hilo kwa utani. Alimwona kila asubuhi akitoka na sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, kwenda kuwauzia vibarua wa Industrial Area, huku mumewe, Mulwa, akibaki kitandani na vitabu vyake vya Wagiriki na Warumi.

"Mama Profesa, hao wazungu wa kale wanakula kweli?"

"Wanakula githeri yangu, dada. Hawajashiba bado."

Nzembi hakuwahi kukaa darasani, lakini jioni Mulwa alimsimulia. Watu hao, alisema, waliulizana mtu aishije na mji utawalwe vipi. Neno moja lilimkaa Nzembi moyoni: haki ni kumpa kila mtu kilicho chake.

"Basi mpe baba mbuzi wake," akamwambia. Maana kwa Wakamba, mwanamke ambaye kwao hawajapelekewa mbuzi wa ntheo si mke wa mtu, hata azae kijiji kizima.

"Nikimaliza masomo, mama. Usiwe na haraka."

Akaenda Ulaya kusoma, akamwachia Nzembi watoto. Alirudi mwaka wa sabini na tisa, daktari wa falsafa, akapewa nyumba ya chuo kikuu. Kabla ya Krismasi akafunga ndoa kanisani na mwalimu mwenzake. Nzembi alizipata habari hizo mferejini, ndoo ikiwa haijajaa.

Aliwaomba wazee wa Kikamba wakae na yeye na Mulwa kwenye ukumbi wa Kaloleni. Mulwa alikuja na tai shingoni. Hakupaza sauti.

"Wazee, desturi mnaijua. Ntheo haikupelekwa. Huyu nilikaa naye tu."

Nzembi akasimama. "Si wewe uliyeniambia haki ni kumpa kila mtu kilicho chake?"

"Ni mimi. Ndiyo maana watoto nakuachia. Kwa desturi ni wa baba yako. Siwadai."

Mzee Nyamai, aliyeongoza kikao, akainamisha kichwa. "Mwanangu, bila ntheo hatuna la kusema."

Kesho yake Nzembi alirudi mferejini, akajaza ndoo, akashika njia.

"Mama Profesa! Umesahau mtungi wako!"

Nzembi alisikia. Hakugeuka. Khavere akadhani kelele za maji zimemzuia kusikia, akaita tena kwa nguvu zaidi, hata wanawake wote wakageuka kumtafuta huyo anayeitwa.