Waya Unaoishia Kizingitini

Miaka ile ya vita, mchana mmoja ziwa likiwa limetulia kama limesinzia, nilisimama kwenye kaunta ya duka moja la vifaa hapa Rumonge. Mbele yangu mume na mke walikuwa wakichagua mashine ya kung'arisha magari, kazi ambayo mume aliifanya mbele ya nyumba yao. Zilikuwa mbili, moja ya waya na nyingine ya betri.

Mume aliipakata ya betri. "Na hii nitafika Gitaza, nitafika Kabezi. Kule magari iko mengi."

 Sote dukani tulijua kwamba kaka wa mke aliuawa kwenye barabara ya kwenda huko, basi alilopanda liliposhambuliwa. Mke alishika waya wa mashine ya pili, akauvuta taratibu mpaka ukanyooka. Uliishia kizingitini.

"Inaishia hapa?" alimuuliza muuzaji.

"Ndiyo, mama. Iko mufupi kidogo."

"Basi tupe hii."

"Mama watoto, umeme unakatika kila siku!" alisema mume.

"Ukikatika, utakaa na mimi."

Mume aliirudisha ya betri mezani, polepole, kama anayelaza mtoto.

Baadaye nilikuwa nikipita kwao umeme umekatika, gari la mteja limeng'aa upande mmoja tu, wao wawili wameketi mkekani wakichambua ndagala, wale dagaa wa ziwani. Mawingu yalielea kwenye ule upande uliong'aa.

Wauzaji husema betri inakupa uhuru, nami siwabishii. Ila miaka ile sikuona gari zuri kuliko lile lililong'aa nusu.