Pedi za Safari Ndefu

Afadhali mlisikie kwangu kuliko kwa bodaboda wa Bungu, maana wale wanatia chumvi.

Nauza spea za pikipiki, hizi zetu za kawaida zinazotumia brekishuu. Juzi mchana ikasimama dukani pikipiki kubwa ya safari, imefungwa mabegi huku na huku. Dereva akavua helmeti, kumbe ni mwanamke.

"Kaka, una pedi? Zangu zimeisha, na Lindi bado mbali."

Kibarazani bodaboda walikuwa wanakunywa kahawa. Nikamwonea aibu. "Dada," nikamnong'oneza, "punguza sauti."

"Kwa nini? Nataka zile nzuri, zinazovumilia safari. Nilizonunua mara ya mwisho zilikuwa za hovyo."

Mimi nimelelewa kumsitiri mtu. Nikamwambia asubiri, nikavuka barabara mpaka duka la dawa, nikajikaza mbele ya mama muuzaji, nikataja. Nikazifunga kwenye gazeti hata kisionekane kitu, nikarudi kumkabidhi huku natazama pembeni. Nilijiona muungwana kweli.

"Choo kiko nyuma, dada."

"Choo cha nini tena? Niazime spana."

Akalifungua gazeti palepale, mbele ya baraza zima. Vikombe vikasimama hewani. Akaitazama ile pakiti ya pinki, akaitazama breki ya tairi lake la mbele, kisha akaniuliza kwa upole kabisa, "Sasa hizi, kaka, utanifungia wewe?"