Sambaza za Kwenda Butembo

Mwezi uliopita nilinunua dagaa ambao sikuwa na mtu wa kumpelekea. Nilikuwa kwenye soko la samaki la Kirumba, hapa Mwanza, nikitafuta kamba ya mpira ya kufungia mzigo nyuma ya baiskeli, upepo ukaniletea ile harufu ya samaki wadogo wanaokauka juani. Nikasimama kama mtu aliyeitwa jina lake. Muuzaji akaniuliza nataka kiasi gani, nami nikajikuta nimesema, "Nifungie wa safari." Akanifungia vizuri, mfuko ndani ya mfuko, bila kujua kwamba maneno hayo hayakuwa yangu. Yalikuwa ya Koko.

Ngoja nikueleze, maana wewe hukukulia Goma. Koko ndivyo tulivyomwita bibi yetu, mama yake mama, Mnande wa Butembo aliyekuja kuishi nasi baada ya kufiwa na mumewe. Na sambaza ndio dagaa wa ziwa letu la Kivu. Akina mama huzianika juu ya mabati na juu ya mawe meusi, na ukipita karibu na maji mchana, nguo zako zinarudi nyumbani na harufu hata kama hukununua kitu. Tulizila na bugali wa muhogo, zimekaangwa mpaka zinavunjika mdomoni kwa sauti, na aliyekuwa na zamu ya kuosha sahani alikuwa hana kazi, kwa sababu sahani zilirudi zimelambwa.

Papa, yaani baba yetu, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa Masisi, mpole, mbishi kwa mambo machache tu. Mojawapo lilikuwa baiskeli yake. Kwetu huitwa kinga. Yake ilikuwa nyeusi na nzito, na kila Jumamosi aliipindua uani magurudumu juu, akasugua mnyororo kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, sisi watoto tukigombania kuzungusha pedali ili tusikie gurudumu likivuma. Mama alisema kama angetunzwa yeye namna ile angekuwa bado msichana.

Ndoto ya Papa ilikuwa kwenda Butembo kwa kinga ile. Si kuuza wala kununua, ila kuiona njia. Alipokwenda kumposa mama alipanda lori, akaketi juu ya magunia, mvua ikaanza, wakafunikwa turubai, na akafika kwa wakwe bila kuona hata mti mmoja. Alirudi na mke wake vivyo hivyo. Alisema amevuka nchi nzima mara mbili kama gunia la vitunguu, na kwamba hatakufa hivyo. Njia yenyewe aliijua kwa ramani ya darasani, na jioni, wakati tukichambua maharage, alitutajia majina yake kama anayesali rozari: Kibati, Kibumba, Rumangabo, Rutshuru, uwanda wa Rwindi wenye viboko, mlima wa Kabasha ambako malori hupanda yakilia, Kanyabayonga, Kirumba ile ya kwetu, Lubero na baridi yake, kisha Butembo. Niliyajua majina hayo kabla sijajua kuzidisha.

Alijaribu mara ya kwanza likizo kubwa moja, wakati waasi walikuwa wameshika mji na barabara. Alichora ramani yake mwenyewe kwenye karatasi, akafunga blanketi, pampu na ndizi, akaondoka asubuhi akipiga mluzi. Karibu na Rumangabo akakuta kizuizi. Askari akamuuliza anaenda wapi, akajibu Butembo. Akamuuliza anaenda kufanya nini. Na Papa, aliyekuwa akitufundisha kwamba ukweli hauogopi mtu, akasema, "Niko naenda kutembea tu."

Askari yule akaita wenzake. Siku zile watu wa barabarani walikuwa wa aina mbili, wanaouza na wanaokimbia. Mtu mzima mwenye ramani, asiyeuza na asiyekimbia, alikuwa mpelelezi tu. Walimweka chini ya mti mpaka kesho yake, wakachukua ramani na ndizi, wakampakia kwenye lori lililokuwa likirudi Goma. Akaingia uani akiisukuma kinga, mashavu yamemshuka, na mama hakumtania hata kidogo. Aliyemtania ni jirani yetu muuza makala, ndio mkaa kwetu. "Vita inatembeza batu bure kila siku," alisema juu ya ukuta wa mawe, "na mwalimu anataka kutembea bure tena."

Koko alisikia yote na hakusema neno, kwa sababu Koko na Papa hawakuwa wakisemezana. Usidhani walichukiana. Ilikuwa heshima. Mwanamume na mama mkwe wake, kwa jinsi Koko alivyolelewa, hawali mezani pamoja, hawashikani mikono, hawatazamani usoni. Papa akiingia sebuleni, Koko alijifunika kitenge na kutokea mlango wa jikoni. Akitaka kumwambia jambo alimwambia mama, au aliniambia mimi mbele yake: mwambie mwalimu mvua inakuja. Papa naye alinijibu mimi: mwambie Koko asante. Kati yao wawili nilikuwa posta, na niliona fahari sana kwa kazi hiyo.

Kisha mlima wa volkano ulio juu ya mji ukapasuka. Tuliamka ardhi ikitetemeka, na kufikia alasiri moto ulikuwa umeingia mjini, ukitembea polepole kama bibi anayetoka misa, ukila nyumba baada ya nyumba. Hewa ilinuka kiberiti. Watu walikwenda wote upande mmoja, upande wa Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, na magodoro kichwani. Mama alimbeba mdogo wangu mgongoni, mimi nikapewa sufuria. Papa akaitoa kinga. Tulidhani atapakia unga. Badala yake akatandika blanketi kwenye kiti cha nyuma, akamsogelea Koko aliyekuwa amesimama na goti lake bovu, akasema naye moja kwa moja.

"Mama, panda."

Koko akageuza uso. Akasema nitatembea. Mama akamsihi, akakataa. Nami najua alichokiogopa, kwa maana ukikaa nyuma ya baiskeli lazima umshike aliye mbele. Nyuma yetu paa za mtaa wa juu zilikuwa zinawaka. Papa akamtazama usoni, kitu ambacho sikuwahi kukiona.

"Mama, moto haijue mukwe."

Koko akapanda. Papa hakuendesha, alisukuma, mkono mmoja usukani na mwingine nyuma ya kiti. Mwanzoni Koko alishika chuma. Karibu na mpaka mtu mwenye godoro alitugonga, kinga ikayumba, na nikauona mkono wa Koko ukikamata koti la Papa. Haukuliachia mpaka Gisenyi. Mimi nilitembea nyuma yao na sufuria yangu, na katika hofu ile yote nilihisi, sijui nisemeje, kwamba nyumba yetu tumeondoka nayo.

Tuliporudi, mtaa ulikuwa jiwe. Mahali pa nyumba yetu palitokeza kona ya bati, na joto lilipenya kwenye kandambili. Darasa la Papa nalo lilikuwa chini ya jiwe, na ramani ya ukutani humo humo. Tulijenga chumba cha mbao Keshero, upande ambao moto haukufika, karibu na ziwa. Ndipo jioni moja Koko akatoka jikoni akasimama mbele ya Papa, kitenge mabegani, si usoni. Nikasogea nifanye kazi yangu ya posta. Akanipa ishara nikae.

"Mwalimu," alisema, "niko na mudogo wangu Butembo. Hajakula sambaza tangu aliolewa. Utamupelekea."

Papa akasema njia ni mbaya.

"Bakikuuliza unaenda kufanya nini, sema mama mukwe amekutuma. Mutu mwenye ametumwa na mama mukwe, nani atamukamata?"

Nilikuwa mtoto, lakini nilielewa kwamba amempa kitu kikubwa kuliko samaki. Amempa sababu.

Kuanzia hapo, kila kiangazi Koko alishuka ufukweni asubuhi, mitumbwi ikirudi, akachagua sambaza mwenyewe, akazianika juu ya mabati tuliyookoa, akakaa nazo na fimbo akifukuza kunguru. Zikikauka alimwambia mama: nifungie za safari. Na kila mara, mzigo ukiwa tayari umetundikwa ukutani, habari ilifika kutoka juu. Wanapigana Rutshuru. Wamefunga mji wa Kiwanja. Watu wa Kibati wanashuka na mbuzi wao. Papa alisikiliza redio mpaka mwisho, akaizima, akaenda kutoa upepo kwenye magurudumu ili mipira isichoke bure. Kesho yake mama alifungua mzigo na tukazila. Sisi watoto tulifurahia, samaki ni samaki. Papa alikula polepole akitazama sahani. Mpaka leo ladha ya sambaza kwangu ni ladha ya safari iliyoahirishwa.

Tuliahirisha hivyo miaka mingi. Mimi nilikuwa nimefika sekondari, nywele za Papa zimeingia mvi, pakatokea kiangazi kimoja ambapo redio haikusema kitu. Tukangoja iseme, haikusema. Alfajiri moja Papa akajaza upepo, akafunga sambaza nyuma ya kinga. Yule jirani muuza makala alikuwa amehamia jirani na sisi tena. Akatoka na kitenge cha kumpelekea binti yake Kiwanja, akakiweka juu ya mzigo bila utani. Koko alisimama mlangoni mpaka kinga ikapotea kwenye vumbi, kisha akaingia ndani, akakataa chai.

Wakati huo simu hazikuwa za kila mtu. Siku zilipita tukiwa hatujui lolote. Mama alifua nguo ambazo hazikuwa chafu. Koko alikaa ameegemea ukuta wa nje, rozari mkononi, uso kaskazini, na hakuna aliyethubutu kumuuliza kitu. Nilijua anachowaza. Kama mwalimu asiporudi, aliyemtuma ni yeye.

Alirudi Jumapili, tukitoka misa. Ndevu zimeota, suruali imefungwa kwa kamba, pua imebabuka kwa jua, na nyuma ya kinga kuna gunia. Watoto wa mtaa walimkimbilia, akawaambia habari za viboko. Ule mlima wa Kabasha alikuwa ameupanda akisukuma kutwa nzima, na alipogeuka kileleni akaona uwanda wote uko chini umelala kwenye jua. Alisema alikaa pale akacheka peke yake. Kwenye vizuizi waliuliza, akajibu kama alivyofundishwa, wakacheka, wakachukua konzi ya sambaza, wakampitisha. Kila kizuizi konzi yake. Butembo alifika na zinazotosha kikombe.

Koko alisubiri kelele ziishe.

"Amekula?"

"Amekula, Mama."

"Amekula na nani?"

Papa akainamisha kichwa kidogo. "Alisema ni kidogo sana, tusizitenganishe. Tulikula naye sahani moja."

Mdogo wake Koko naye ni mkwe, unaelewa. Papa akafungua gunia, maharage ya Butembo, mekundu yenye madoadoa, akayachota akamnyooshea. Koko akayapokea mkononi mwake, kutoka mkononi mwa Papa, si kupitia kwangu. Jioni maharage hayo yalipoiva, alivuta kigoda chake kutoka jikoni akakiweka mezani, mkabala na mkwe wake, akala. Kazi yangu ya posta iliisha siku ile na sijawahi kusikitika.

Sasa Koko hayupo, na mdogo wake hayupo. Papa tulimzika mwaka juzi. Mama anaishi kwa yule mdogo wangu, na ananiambia kwenye simu kwamba barabara imefungwa tena, hata majina ya njia ile hayasemwi kwa sauti. Kinga iliuzwa wakati wa ugonjwa. Nyumba nilimozaliwa iko chini ya jiwe, na juu ya jiwe watu wengine wamejenga, na watoto wao wanacheza uani bila kujua wanachokanyaga. Ninawakumbuka wote, na kuna asubuhi ninatamani mtu aniambie tu, mwambie mwalimu mvua inakuja.

Ndiyo maana nilinunua baiskeli. Mume wangu alicheka, kisha akanisaidia kurekebisha kiti. Niliwakaanga wale dagaa wa Kirumba, nikawafunga nyuma, nikaondoka Mwanza alfajiri kuelekea Musoma. Baada ya Magu, askari wa barabarani aliyekuwa kivulini akaninyooshea mkono. Nikashuka. Nacheka sasa, lakini wakati ule sikucheka. Akauliza natoka wapi, naenda wapi. Nikamjibu. Akauliza naenda kufanya nini.

Mkono wangu ulikuwa umeshagusa mzigo. Jibu la mama mkwe lilikuwa tayari mdomoni.

"Kutembea tu," nikasema.

"Haya, safari njema, mama. Angalia malori."

Nilisogea mbele kidogo, mpaka asinione, nikaegemeza baiskeli kwenye mti kando ya shamba la mpunga, nikalia vizuri. Kisha nikafungua wale dagaa nikaanza kuwala. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kula samaki wa safari huku safari yenyewe ikiendelea.