Koti Jeupe la Gracien

Gracien aliuza dawa karibu na machimbo ya Kolwezi, na kwa kuwa alivaa koti jeupe, wachimbaji wakamwita dokta. Dokta gani! Kila aliyeumwa mgongo alifungiwa karatasi ileile ya vidonge vitatu vya maumivu, awe kijana wa shimoni au bibi kizee.

Mama Fidélie, muuza unga, alimdharau tangu zamani. Lakini siku hiyo mgongo ulimshika vibaya, na duka lingine lilikuwa limefungwa.

"Tata, mi niko mugonjwa ya figo," alisema. "Unipe dawa yenye haiharibu figo."

Gracien akacheka, akatoka nyuma ya meza na karatasi yake. "Mama, dawa ya mugongo ni ya mugongo tu. Figo inaingia wapi? Hata mi nakunywaka hii kila asubui."

Fidélie akatazama koti, kisha miguu. Ilikuwa ndani ya kandambili, imevimba kama ya Fidélie mwenyewe mwaka ule figo zake zilipoanza kuharibika.

"Tangu lini biatu binakukatala, dokta?"

Kicheko kikakatika. Fidélie akaenda zake na mgongo wake. Watu husema mganga hajigangi. Huyu alijiganga kila asubuhi, tena kwa karatasi ileile.