Niliiamkia Barafu

Bibi yangu hapokei simu kama watu wengine. Simu ikiita anabonyeza, anaiweka sikioni, halafu anakaa kimya. Hasemi haloo. Anasubiri useme wewe ni nani, mtoto wa nani, na nyumba yenu iko upande gani wa kijito, ndipo aseme, "Haya mume wangu, habari za huko." Mume wake ni mimi, mjukuu, ndivyo mabibi wa kwetu wanavyotutania. Kwa miaka mingi nilimpigia kutoka Uswidi, na kila mara nilijitaja kama niko mahakamani. Nilikuwa nakasirika. Nilidhani ni ushamba tu.

Nyumba yake iko juu ya kijiji cha Endasak, kwenye mteremko wa mlima Hanang, na mtoto akilelewa pale hufundishwa mambo mawili kabla ya kufundishwa kusoma. La kwanza, ukifika kwenye chemchemi unaamkia. Maji yana wenyewe, na wenyewe ni wakubwa kwako. Sufuria yenye masizi haiingii pale, wala panga. La pili, ukisikia unaitwa na humwoni anayekuita, usiitike. Subiri mpaka uuone mdomo wake. "Kuitika ni kusema nakuja," bibi alituambia. "Na ukishasema nakuja, utakwenda." Sisi ni watu wa kanisani, bibi ana nafasi yake benchi la tatu, na sijawahi kumwona akihangaika kupatanisha mambo hayo.

Mama yangu alikuwa muuguzi. Nilipokuwa na miaka tisa alipata nafasi ya kusoma zaidi Uswidi, akapata kazi hukohuko, tukabaki. Mji wetu ulikuwa wa kaskazini, wa viwanda vya mbao, na ulikuwa na ziwa. Baridi ilipokaza darasa letu likapelekwa ziwani kucheza. Ziwa lote lilikuwa limeganda, na wenzangu walikuwa wakikimbia juu yake na viatu vyenye chuma chini, chuma chembamba kama kisu. Nikasimama ukingoni nikakataa. Mwalimu alidhani naogopa kuanguka. Mimi niliona aibu kwa niaba yao. Maji mengi namna ile, wanayakata kwa chuma, na hakuna hata mmoja aliyepiga hodi.

Mwishowe nikachuchumaa, nikaweka kiganja juu ya barafu, nikasema, "Shikamoo." Walinicheka mpaka wengine wakakaa chini. Nikacheka nao, maana nilitaka wanipende, nikaingia.

Kokote duniani mtoto asiyejua kukimbia anawekwa golini, nami nikawekwa golini. Mchezo wenyewe ni wa magongo, ila hakuna mpira. Kuna kisahani cha raba nyeusi, kigumu kama tairi la trekta, na kinakuja kwa kasi ambayo macho hayaiwezi vizuri. Golikipa anafungwa mapedi miguuni na kifuani, anavaa helmeti yenye nondo usoni, na anasimama hapo aogope kwa utaratibu. Nilimtumia bibi picha yangu. Akaniuliza ni nani aliyenifunga magodoro, na nimefanya kosa gani.

Nilikuwa kipa wa kawaida. Nasema hivi bila unyenyekevu wa uongo. Nilikuwa na bidii, magoti yangu yalikunjika vizuri, basi. Ila kila nilipoingia uwanjani, kabla ya chuma kugusa barafu, nilisema shikamoo chinichini. Ilikuwa mazoea, kama wenzangu waliokuwa wakibusu misalaba au kuvaa soksi ya kushoto kwanza. Nikiwa na miaka kumi na tisa klabu ya daraja la pili ikaniajiri kama kipa wa akiba. Nilikaa benchi nusu msimu. Kisha kipa wa kwanza akaumia nyonga katikati ya mechi, nikaambiwa niingie. Nilifungua mlango mdogo wa uwanja, nikainamisha kichwa, nikasema shikamoo.

"Marahaba," ikajibu.

Watu elfu kadhaa walikuwa wakipiga kelele, na neno lile nililisikia kama mtu aliyeko chumba kimoja nami. Lilikuwa la kike na la kizee. Uswidi nzima mimi sikumjua mtu wa kuniambia marahaba isipokuwa mama, na mama usiku ule alikuwa zamu hospitali. Nikaenda golini na magodoro yangu.

Dakika chache baadaye nikaitwa. Nikaitwa kwa jina langu la nyumbani, lile alilonipa bibi, ambalo watu watatu tu wanalijua. Lilitoka mbali, kwenye goli la wapinzani, kwa sauti ya bibi. Mtoto aliyelelewa vizuri akiitwa na mkubwa, mdomo wake unaitika kabla yeye hajafikiri. Nikasema, "Naam."

"Kushoto," ikasema. Nikaenda kushoto, na kisahani kikanijia kwenye glovu kama kimetumwa kwangu.

Hatukufungwa mechi ile. Kesho yake gazeti la mji likaandika kwamba nina kipaji kisichofundishika. Na hapa ndipo ninapojionea aibu. Nilijua nimevunja lile fundisho la pili, nililijua vizuri kabisa, na nikaamua kwamba linahusu Hanang peke yake. Barafu ya uwanjani, nikajiambia, inatengenezwa na mashine chini ya paa la bati. Ina mwenyewe gani? Halafu nilipenda kupigiwa makofi. Nikaendelea kuitwa, nikaendelea kuitika, miaka kumi na miwili.

Ndiyo kazi yangu ilivyokuwa. Klabu tatu, safari za basi za muda wa saa nane kwenda ugenini, supu ya njegere kila Alhamisi, meno mawili yaliyobaki kwenye barafu ya mji ambao leo siukumbuki sawasawa. Ninapoitwa naitika, naambiwa kulia, kushoto, chini, nafanya. Wenzangu waliona midomo yangu ikicheza nyuma ya nondo wakadhani nasali. Sikumwambia mtu yeyote. Mama ningemwambia angenipeleka kwa daktari, na bibi, kwa simu, sikuthubutu.

Nilichelewa kugundua jambo moja. Sauti ilikuwa inasogea. Misimu ya mwanzo ilitoka upande wa pili wa uwanja. Kisha ikawa katikati. Msimu wa nane ilikuwa nyuma ya goli langu, karibu kiasi kwamba nilikuwa nageuka. Msimu wa kumi ikaacha kusema kulia na kushoto, ikawa inasema chini tu, nami nikipiga magoti naikuta imekuwa na nguvu zaidi, kama naikaribia. Msimu wa mwisho ilikuwa chini ya miguu yangu. Wakati huo nilikuwa naogopa waziwazi. Nilikuwa natapika kabla ya mechi, na kocha akasema ndiyo dalili ya kipa mkubwa.

Mechi yangu ya mwisho ilikuwa ya ugenini. Sauti iliita jina langu, nikasema naam, na safari hii haikusema kitu kingine. Ikaita tena. Nikaitika tena. Ikaita mara ya tatu, kwa uchovu, kama bibi alivyokuwa akiniita nikichelewa kurudisha ndama. Nikatazama chini. Barafu ya uwanjani inapakwa rangi nyeupe kwa ndani, na kupitia rangi ile huwezi kuona kitu. Mimi niliona. Kulikuwa na mtu amesimama kichwa chini, nyayo zake zimegusana na zangu, na nilipoinua mguu wa kulia na yeye akainua wake. Mimi nilikuwa na viatu. Yeye hakuwa navyo.

Kisahani kilinipata juu ya sikio. Wanasema nilizimia kwa muda mrefu.

Madaktari walisema ubongo umetikisika, tena si mara ya kwanza. Mama, akiwa muuguzi hasa, alisema sauti hizo zina maelezo yake, na akanionyesha picha za kichwa changu. Sikubishana naye. Klabu ilikuwa na huruma: nipumzike miezi mitatu, halafu niseme kama narudi kwa msimu mmoja zaidi. Miezi hiyo ilipokaribia kuisha nikaja nyumbani.

Ilikuwa mwezi wa saba. Kutoka mjini Katesh pikipiki ilinipandisha ndani ya ukungu, mahindi yakiwa yameshavunwa na mabua yamesimama pande zote mbili. Majirani walikuja kunitazama, na mzee mmoja kutoka Masakta akataka nimweleze vizuri ni vipi mtu mzima analipwa kwa kusimama juu ya maji. Bibi alinikagua kichwa kama anavyokagua boga sokoni. Walipoondoka nikamwambia yote, tangu ile shikamoo ya ziwani.

Nilitegemea anicheke au aombe. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliniuliza, "Umeitika mara ngapi?"

"Sijui, bibi. Nyingi."

"Na hukwenda hata mara moja."

"Nilikuwa kazini."

"Kazini," akasema. "Sasa hebu ona wewe mwenyewe. Mtu anakuita, unamwambia nakuja. Anakuita tena, nakuja. Miaka yote. Hata kama ni mimi, si ningeinuka nikufuate?"

Nikamuuliza huyo anayeniita ataacha lini. Akafunga vizuri shuka yake mabegani. Akasema ataacha siku atakapoitikiwa na mtu mwenye nia ya kwenda.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, tulikuwa ndani tumekaa tukichambua maharage, ungo katikati yetu, mlango wazi. Nje ukungu ulikuwa umefunika mpaka zizi la ng'ombe. Simu yangu ilikuwa mfukoni na barua ya klabu ndani yake. Walitaka jibu kabla ya Ijumaa. Nitakuwa mkweli: nilikuwa nafikiria kukubali. Nilikuwa na miaka thelathini na moja na hakuna kingine nilichokijua. Bibi alikuwa ameinama, anaokota vijiwe, midomo imefumbwa.

Nikaitwa kutoka nje, kwenye njia ya chemchemi. Jina la nyumbani, sauti ya bibi.

Nilimtazama bibi. Midomo ilikuwa bado imefumbwa. Lakini alikuwa ameinua kichwa, na mkono wake ulikuwa umesimama juu ya ungo. Alikuwa amesikia. Sijawahi kufurahi na kuogopa kwa pamoja namna ile. Sikuwa mgonjwa, mama na picha zake walikuwa wamekosea, na kile kitu kilikuwa kimevuka bahari kikapanda mlima wetu.

Ikaita tena, karibu na zizi. Ng'ombe wakahama upande mmoja wote kwa pamoja. Nikahisi mdomo wangu unafunguka. Sikuuamuru. Bibi akanyoosha mkono juu ya ungo, akaniziba mdomo na kiganja kilichojaa vumbi la maharage, akanikandamiza mpaka kisogo kikagonga ukuta. Ungo ukapinduka.

Ikaita mara ya tatu, mlangoni.

"Abee," akasema bibi.

Alisema kwa sauti nyororo, ya msichana anayetumwa dukani na mama yake. Kisha akangoja, bado ameniziba mdomo. Hakuna kilichoingia. Baada ya muda nikasikia ng'ombe wakianza tena kula mabua. Bibi akaniachia, akapiga magoti sakafuni na kuanza kuokota maharage moja moja, kwa sababu hapendi chakula kipotee.

"Bibi, umefanya nini?" Nilikuwa nalia.

"Nimeitika," akasema. "Wewe bado una miaka mingi mbele. Okota na wewe, usinitazame tu."

Siku ileile niliwaandikia klabu kwamba sirudi. Wakanitakia heri. Wanaamini ni kichwa, na mama anaamini hivyohivyo, na sina haja ya kumsahihisha.

Sijaitwa tena tangu asubuhi ile. Nimebaki Endasak, nimepanda maharage, nimejifunza upya kukamua. Maji nachota mimi, alfajiri na jioni, na nikifika kwenye chemchemi naamkia na hakuna anayejibu. Bibi yu mzima, anakula, anaimba kanisani kwa sauti ya juu kuliko wote. Ila tangu Januari anavaa viatu vya kanisani hata Jumanne. Tukiwa tumekaa anageuza kichwa kuelekea njia ya chemchemi, anasikiliza, anatabasamu kidogo kwa adabu, halafu anarudi kwenye kazi yake. Wiki iliyopita nilipomuuliza anasikia nini, akasema bado ni mbali.

Kwa hiyo kila siku nikimaliza kukamua nachukua kigoda, nakiweka mlangoni kwa nje, nakaa, magoti yamekunjwa na mikono iko wazi. Hii ndiyo kazi ninayoijua. Kutoka ndani nasikia sauti yake ikiniita kwa jina la nyumbani, nami nageuka kwanza nihakikishe mdomo unacheza.

"Mume wangu," anasema, "unaniziba mwanga. Sogea."

Sisogei.