Mota iliyonyamaza karibu na kiboko

Wewe unayenisikiliza, mota ya umeme ya mtumbwi ikinyamaza majini, usikimbilie kuifungua. Yetu ilinyamaza Ziwa Edward, kiboko akiwa ameibuka karibu nasi. Betri tuliiazima kanisani kwetu Beni, ambako huwasha kinanda cha kwaya, kwa hiyo nyaya zake hufunguliwa na kufungwa kila mara.

“Shemeji, hapana piga kasia, atatupindua!” alinong'ona kaka wa mke wangu. “Omba Mungu!”

“Niko naomba na kisu,” nikajibu, nikikwangua unga mweupe kwenye kichwa cha betri. Nikakaza waya uliolegea. Mota ikavuma, tukajiondokea polepole.

Kabla ya kusukuma mtumbwi majini, tikisa kila waya wa betri kwa mkono, na uliolegea uukaze.